Mafuta ya Kondoo

*Sura ya 7*

Kila ninapotaja baga ya kondoo mbele ya watu wanaopika kila siku, swali la kwanza huwa si "inapikwaje?" Huwa ni "mbona yangu inavunjika?" Anafuata wa pili: yake haivunjiki, ila ni ngumu, mtoto aliitafuna akaitema. Wa tatu anangoja wenzake wamalize, kisha anasema kwa sauti ya chini kwamba kwake kondoo haingii jikoni kabisa, kwa sababu ya harufu.

Mara ya mwisho maswali hayo matatu yaliniangukia yote pamoja, huko Barumbu, uani kwa yaya wangu, siku ya pili ya Idi ya kuchinja. Kondoo alichinjwa asubuhi ile. Saa kumi jioni yaya alikuwa na madonge kumi na mawili ya nyama juu ya wavu, mbabula, jiko letu la makaa, imejaa makala, na majirani wawili wamekaa kwenye vigoda wakimtazama anavyoyageuza. Yalipogeuzwa, matano yalibaki mazima. Mengine saba yakawa nyama ya kuokota. Watoto walifurahi sana, kwa sababu sheria ya uani ule ni kwamba kinachoanguka ni chao.

"Yaya, mafuta uliyaweka wapi?" nikamuuliza.

Akanielekeza kwa kidevu. Kando ya ndoo palikuwa na bakuli la mafuta meupe, yamekatwa vizuri, yametengwa na nyama kama mtu anavyotenga mawe na mchele. "Si ndiyo yanayonuka?"

Hakukosea. Yananuka kweli. Lakini bila hayo baga inakuwa ngumu, na sehemu kubwa ya sura hii ni namna ya kuishi na jambo hilo.

Kwanza, tunapika nini?

Neno "baga" asili yake ni Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani; lilizunguka Marekani kabla ya kutufikia sisi. Watu wa hapa wakilisikia wanafikiria duka lenye taa na karatasi za rangi. Hata V. S. Naipaul, katika riwaya yake *A Bend in the River* ya mwaka 1979, ambayo mji wake hautajwi jina lakini wasomaji wengi huuona kuwa ni Kisangani, alimpa mhusika mmoja kazi ya kufungua duka la Bigburger. Kwake ilikuwa alama ya kitu kilichotoka mbali sana kuja kuuzwa kwenye kona ya mto.

Ukiweka mkate pembeni, kinachobaki si kigeni hata kidogo. Ni nyama iliyokatwakatwa, ikatiwa kitunguu na viungo, ikafinyangwa, ikachomwa. Nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, yaani Mediteranea, kuanzia Uturuki na Lebanoni hadi Ugiriki na Moroko, zina jina moja linalobadilika kidogo tu kutoka bandari hadi bandari: kofte, kofta, kefta, keftedes. Chanzo chake ni Kiajemi, kutoka kitenzi chenye maana ya kuponda. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 tayari kina madonge ya nyama iliyopondwa ndani ya michuzi yake. Ndugu zetu wa Zanzibar na Mombasa wana kababu, neno la Kiarabu, ambalo kwao ni donge la nyama ya kusaga lililokaangwa. Ukila urojo Zanzibar bila kababu ndani, umepunjwa.

Kisangani, mji wetu, imekutana na njia zote mbili. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alimfanya Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, kuwa gavana wa Stanley Falls. Yeye na Wangwana wake, yaani wafuasi wake Waislamu, walileta Kiswahili, Uislamu na kilimo cha mpunga. Walileta pia bunduki na minyororo, na harufu ya pilau haifuniki hilo. Baadaye, mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, jina lililodumu hadi mwaka 1966, walikuwepo wafanyabiashara wa Kigiriki wenye maduka, na kwao keftedes ni chakula cha nyumbani kama sombe, majani ya muhogo, ilivyo kwetu. Kwa hiyo ukisikia "baga ya kondoo kwa namna ya Mediteranea", usiogope urefu wa jina. Ni kofta iliyobanwa ikawa bapa, ikalala ndani ya mkate.

Kondoo wetu si kondoo wa kwenye picha

Mapishi mengi ya kondoo yanayosambaa duniani yaliandikwa na watu wenye kondoo wakubwa, wenye sufu na mafuta mengi. Kondoo wa Tshopo, mkoa wetu, ni mwingine. Ni mfupi, ana manyoya kama ya mbuzi badala ya sufu, na akikomaa mara nyingi ni wa kilo 25 au 30 tu akiwa hai. Ana sababu ya kuwa hivyo. Msitu una mbung'o, yule nzi anayesambaza malale kwa watu na ugonjwa wa aina hiyo kwa mifugo. Ng'ombe wengi hawauwezi. Kondoo na mbuzi wadogo wa msituni wamezaliwa humo kizazi hadi kizazi na huuvumilia kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana utamkuta kondoo amelala chini ya ukingo wa nyumba mahali ambapo hujawahi kuona ng'ombe akichungwa.

Mnyama anayetembea kutwa akitafuta majani hawi mnene. Kondoo wa nchi kavu za Somalia na wa Wamaasai hujiwekea akiba ya mafuta mkiani au matakoni; wetu ana mkia mwembamba kama kamba. Nyama yake ni nyekundu na kavu. Ukifuata pishi la Ulaya linalokuambia "tumia nyama isiyo na mafuta mengi", unakausha kilichokauka.

Baga nzuri inataka mafuta karibu sehemu moja kwa sehemu nne za nyama nyekundu. Kwa nusu kilo nzima, hiyo ni gramu 100 za mafuta na gramu 400 za nyama. Mafuta hayo yakiyeyuka hupita katikati ya nyuzi za nyama na kuziachanisha, jino likapata njia. Yasipokuwepo, joto linazikaza nyuzi hizo, linakamua maji yake, na donge linakuwa soli ya kiatu. Mtoto aliyetema alikuwa sahihi.

Chukua mafuta ya kidari na ya mbavuni, ambayo ni laini. Mafuta yanayozunguka figo ni magumu na hukatika kama mshumaa. Changanya kidogo tu. Kama kondoo hana mafuta ya kutosha, mafuta ya ng'ombe kutoka kwa muuza nyama yanafaa. Nimejaribu pia mawese. Donge lilikuwa laini, lakini ladha yote ilikuwa mawese, na kama ndiyo unayotaka, kula samaki.

Harufu inakaa wapi

Ile harufu ambayo yule wa tatu aliisema kwa sauti ya chini haimo kwenye nyama nyekundu. Imo kwenye mafuta. Mwili wa kondoo hutengeneza aina fulani za asidi za mafuta, yaani vipande vidogo vinavyojenga mafuta, ambazo ng'ombe anazo kidogo sana. Ndizo pua inazozijua. Huongezeka kadiri mnyama anavyozeeka, na huwa kali zaidi kwa dume ambaye hakuhasiwa.

Kwa hiyo vita na harufu huanzia sokoni, mnyama akiwa bado ana miguu minne, na silaha yako ni meno yake. Kondoo hana meno ya mbele juu. Ana nane chini. Inua mdomo wa chini. Kama yote nane ni madogo na yanalingana, hayo ni meno ya utoto, na mnyama kwa kawaida hajapita mwaka mmoja au kaupita kidogo. Kama mawili ya katikati ni makubwa, mapana, yameyazidi mengine kimo, ameshabadilisha jozi ya kwanza, na yuko kati ya mwaka mmoja na miwili. Manne makubwa, sita makubwa: anaendelea kuzeeka. Akiwa na yote nane makubwa, mpeleke kwenye sufuria ya mchuzi kwa saa tatu na usimwite baga. Muuzaji atakuambia ni mtoto. Meno hayajui bei.

La pili ni siku ya kuchinja. Mkono ulioshika ngozi usishike nyama kabla ya kuoshwa, kwa sababu uchafu na jasho la manyoya vina harufu yake, na hiyo watu huisingizia nyama.

La tatu ni viungo, na hapa ndipo watu wa Mediteranea walipotutangulia kwa akili. Bizari nyembamba, ile ya pilau, ina harufu nzito inayolingana na ya kondoo bila kupigana nayo. Mbegu za giligilani huleta wepesi. Nanaa hupoza. Asidi ya ndimu au mtindi hukata utelezi wa mafuta ulimini. Hawakuificha harufu ya kondoo. Waliipa majirani wa kuzungumza nao.

*Kwa ufupi:* mafuta ndiyo yanayoilainisha baga, na ndiyo yanayonuka. Mnunue kondoo mwenye meno madogo, yabakishe mafuta yake, yatilie bizari na ndimu. Akiwa mzee kidogo, yatoe yake uweke ya ng'ombe.

Kwa nini ya yaya ilivunjika

Turudi uani. Ugumu tumeuelewa, yaani mafuta yalikuwa bakulini. Lakini mbona ilivunjika? Nikaendelea kumhoji yaya kama hakimu, na yeye akaendelea kujibu huku akipepea makala.

Alikuwa ameifunga nyama kwa majani ya mpapai tangu asubuhi.

Desturi hiyo ni nzuri kwa mbuzi mzee. Utomvu wa mpapai una kitu kinachokata protini, yaani nyuzi zinazoijenga nyama, na kipande kigumu kinalegea. Lakini nyama ikiwa imeshakatwakatwa, utomvu unaifikia kutoka kila upande kwa wakati mmoja. Baada ya saa chache hakuna kilichobaki cha kushikana. Unafinyanga uji.

Kosa la pili lilikuwa chumvi. Yaya aliinyunyiza mwishoni, juu ya madonge yaliyokwisha kuwekwa kwenye moto, kama mtu anavyotia mayai chumvi. Chumvi ina kazi nyingine zaidi ya ladha. Ukiichanganya na nyama mbichi na kuikanda, inayeyusha protini moja iliyomo kwenye nyuzi na kuitoa nje ikiwa inanata kama gundi. Utaihisi: mwanzoni nyama inateleza vidoleni, halafu ghafla inaanza kuganda mkononi na kuacha utando kwenye bakuli. Gundi hiyo ikipata joto inakaza kuwa wavu unaoshika mafuta, maji na kila kitu ndani yake.

Wapishi wa Marekani hukwepa jambo hili. Wao hutia chumvi nje tu dakika ya mwisho, wanataka baga inayomeguka. Wapishi wa kofta hukanda na chumvi kwa makusudi. Mimi nipo upande wa kofta, kwa sababu mbabula haina sahani bapa chini. Ina wavu wenye matundu, na kinachomeguka kinaingia motoni. Ila kuna mpaka. Dakika mbili za kukanda zinatosha. Ukikanda kama unga wa chapati utapata soseji, inadunda.

Kosa la tatu ni kitunguu. Kilikatwa vipande vikubwa, na kila kipande kikubwa ni ufa ndani ya donge. Kikune au kikate kidogo kabisa, kisha kikamue kwa kitambaa. Maji yake usiyamwage. Nitakuambia yanaenda wapi.

Kukata nyama mahali penye joto

Hapa vitabu vya kigeni vinakuambia uiweke mashine ya kusagia kwenye friji nusu saa. Shauri hilo lina maana: mafuta yakiwa baridi hukatika punje punje, na kila punje hubaki mahali pake hadi motoni. Yakiwa na joto hupakaa, yanaifunika nyama kama losheni, gundi ya chumvi haishiki. Lakini umeme wa Kisangani, ingawa mto Tshopo una bwawa lake, hauji kwa ratiba ya mpishi. Basi tunafanya hivi.

Kata nyama asubuhi mapema au jua likishuka. Weka bakuli la nyama ndani ya beseni la maji ya baridi kabisa unayoweza kupata. Kama kuna muuza barafu, mifuko miwili inatosha. Kata kwa visu viwili vizito, au kwa panga moja safi lenye makali, kwenye ubao mzito. Kwanza vipande kama sukari ya mawe, kisha endelea kupitisha kisu mpaka viwe kama punje za mchele. Mafuta yakate peke yake na uyachanganye mwishoni. Kinu usitumie. Najua neno kofta linatokana na kuponda, na wapondaji wa zamani walikuwa na mikono yao na hali ya hewa yao. Kinu chetu saa sita mchana kinageuza mafuta kuwa krimu.

Nyama iliyokatwakatwa haisubiri. Kwenye kipande kizima vijidudu viko juu, na moto unavifikia mara moja. Ukikikata, umeviingiza ndani na kuvipa nyuso elfu za kulia. Pakiwa na joto la kawaida, saa mbili ndiyo kikomo. Likizidi nyuzi 32 za Selsiasi, na kwetu huzidi mara nyingi, kikomo ni saa moja. Kwa hiyo washa makala kwanza, ndipo ukate.

Pishi lenyewe

Kwa madonge manne makubwa unahitaji:

- nyama ya kondoo isiyo na mfupa, ya paja la mbele au shingo, gramu 400
- mafuta ya kondoo, gramu 100
- kitunguu kimoja kidogo, kimekunwa na kukamuliwa
- punje mbili za kitunguu saumu, zimepondwa
- bizari nyembamba, kijiko kimoja cha chai
- mbegu za giligilani, kijiko kimoja cha chai
- pilipili manga, nusu kijiko cha chai
- chumvi, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa
- konzi moja ya nanaa iliyokatwa. Isipopatikana, majani machache ya mrehani mwitu ambao wengi hapa wanauita lumba-lumba, nusu ya kiasi kwa sababu una nguvu
- ganda la mkate wa jana, kipande cha ukubwa wa kiganja

Anza na ganda la mkate. Yale maji ya kitunguu uliyoyakamua, yamimine juu yake. Litavimba na kuwa uji mzito. Kazi ya uji huo ni kunywa maji ambayo nyama itayatoa ikipata joto na kuyashikilia humo humo.

Kaanga bizari na giligilani bila mafuta, kwenye kikaango kikavu. Utasikia bizari ikianza kuruka na kutoa sauti ndogo, rangi inakuwa ya udongo mbichi. Ipua hapo hapo. Sekunde ishirini zaidi na utakuwa na uchungu usiotoka. Ziponde zikiwa bado na moto. Kinu hapa ndipo mahali pake.

Nyama, chumvi na viungo vikandwe pamoja hadi vinate, kisha ongeza mafuta, mkate, kitunguu na majani, ukichanganya kwa vidole vilivyotanuliwa na si kwa ngumi. Gawa sehemu nne. Lowesha mikono, viringa, bana hadi unene wa sentimita mbili. Donge liwe pana kuliko mkate wako kwa upana wa kidole, kwa sababu litanywea, na katikati lizamishe kwa dole gumba. Usipofanya kishimo hicho, kingo zitakaza kwanza na katikati kutavimba kama mpira.

Kabla ya kufinyanga yote manne, choma kijidonge kimoja cha ukubwa wa zeituni, ukionje. Chumvi ya nyama mbichi haionjwi kwa ulimi.

Moto, na kosa langu mwenyewe

Siku ile Barumbu, baada ya kumhukumu yaya kwa mafuta, papai na chumvi, nilijitwisha kazi ya kundi la pili. Nyama ilikuwa imebaki kidogo ambayo haikuguswa na papai. Nikayarudisha mafuta, nikakanda, nikafinyanga kwa madoido. Nikayapanga madonge sita katikati ya wavu, juu ya makala yaliyokuwa mekundu yote.

Hata dakika mbili hazikupita. Tone la kwanza la mafuta lilianguka, likapiga kelele, na ulimi wa moto ukapanda hadi kwenye vidole vyangu. Likafuata la pili, la kumi. Madonge yalipotea ndani ya moshi mweusi. Yalipotolewa yalikuwa mkaa nje na mabichi ndani, na yaya hakusema kitu, alichukua tu kigoda chake akakisogeza karibu ili aone vizuri.

Mafuta yanayodondoka kwenye makala mekundu huwaka, na moshi wake unaacha masizi machungu kwenye nyama. Dawa yake ni kuigawa mbabula. Sukuma makala yote upande mmoja. Upande wa pili uache mtupu. Madonge yaanzie upande wa moto, dakika mbili kila uso, yapate rangi. Usiyaguse kabla ya hapo: donge bichi limeng'ang'ania wavu, na likishapata ganda linaachia lenyewe. Kisha yahamishie upande mtupu, funika kwa sufuria iliyopinduliwa, yaive kwa joto la pembeni dakika sita hadi nane. Mafuta yatadondoka kwenye majivu na hayatamsumbua mtu.

Yameiva lini? Nyama ya kusaga hutakiwa kufika nyuzi 71 katikati. Mwenye kipimajoto cha nyama asiwe na wasiwasi. Asiye nacho asiiamini rangi peke yake, kwa sababu nyama inaweza kuwa ya kahawia kabla haijafika, na nyingine hubaki na wekundu ingawa imefika. Bonyeza: liwe imara, lisizame kama shavu. Kisha chagua moja, likate katikati, utazame kama juisi haina damu na katikati panatoa mvuke unaochoma kidole. Hilo lililokatwa ni la mpishi. Sijawahi kusikia mpishi akilalamika.

Mkate, au lituma

Mkate mrefu wa Kisangani, ule wa ganda jembamba, unafaa kuliko mikate ya duara laini inayouzwa kama ya baga. Ukate urefu wa kiganja, upasue, uupitishe upande uliokatwa juu ya wavu ili unywe mafuta yaliyobaki.

Lakini kitu ninachokipenda zaidi ni lituma. Ndizi za kupika zilizochemshwa na kupondwa zikiwa moto, kama inavyofanywa Tshopo nzima, zikapoa kidogo, zikafinyangwa bapa kama kisosi na kuchomwa hadi zipate ganda. Weka donge katikati ya mbili. Utamu wa ndizi na bizari ya kondoo ni ndoa ambayo Beirut hawaijui.

Mchuzi wa kupaka kule Mediteranea ni mtindi wenye tango, kitunguu saumu na chumvi. Sisi, kwa sababu ile ile ya mbung'o, hatuna maziwa mengi. Mtindi wa dukani ukipatikana, likune tango, likamue, changanya. Usipopatikana, fuata njia ya mchuzi mwingine wa huko huko, wa ufuta uliosagwa na ndimu, na badala ya ufuta tumia mbika, mbegu za maboga. Zikaange kidogo, ziponde hadi zitoe mafuta, ongeza ndimu, kitunguu saumu na maji kijiko kwa kijiko. Mwanzoni zitaganda na utadhani umeharibu. Endelea kutia maji. Zitageuka kuwa nyeupe na laini. Juu yake weka nyanya, kitunguu kibichi kilichokaa kwenye ndimu, na pilipili kwa anayeiweza.

Kisha kula papo hapo. Mafuta ya nguruwe huwahi kuyeyuka. Ya kondoo yanataka joto zaidi ya nyuzi 40, na kinywa cha mtu kina 37 tu. Donge likipoa, mafuta yake yanagandia kwenye kaakaa, na chai ya moto ndiyo itakayoyaondoa. Wageni waitwe kabla donge halijatoka kwenye moto.

Kuosha vyombo

Jioni ile kundi la tatu lilitoka zuri. Hatukulipiga picha wala kulisifu sana, lilikwisha. Kilichobaki kilikuwa wavu, bakuli na kikaango, vyote vimefunikwa utando mweupe kama nta ya mshumaa, na msichana mmoja wa jirani akavipeleka kwenye ndoo ya maji ya baridi.

"Acha, mwanangu," yaya akamwambia. "Maji ya baridi yanamwamsha kondoo."

Akachota majivu ya mbabula kwa kopo, akayamimina ndani ya kikaango, akaongeza maji yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya chai, akasugua kwa konzi ya nyuzi za mgomba. Majivu ya kuni na makala yana magadi, na magadi yakikutana na mafuta kwenye maji ya moto huanza kuyageuza sabuni. Povu la kijivu likapanda. Akamwaga, akasuuza mara moja, akakinusa kikaango, kisha akaninyooshea na mimi ninuse.

Kilinukia bizari kidogo, basi.